Mama Mkwe na Paramesiamu

Mama mkwe wangu hawezi kuona uchafu akanyamaza. Akiingia jikoni kwako, ukizubaa atakusugua na wewe. Kwa hiyo asubuhi ile nilipoikuta chupa yangu kando ya sinki inang'aa, niliita kwa nguvu.

"Mama! Maji yaliyokuwa humu yako wapi?"

"Yale yaliyooza? Nimemwaga. Yalikuwa yananuka, mwanangu! Na chupa nimeichemsha."

Jamani! Yalikuwa maji ya dimbwi. Niliyatia nyasi kavu, nikayaacha mpaka bakteria wakajaa na paramesiamu wakazaliana kwa kuwala. Paramesiamu ni kiumbe wa seli moja tu: mdomo humohumo, tumbo humohumo. Na leo mwalimu mkuu anakuja kukagua maabara yangu. Alishanipa neno la mwisho: asipoona kiumbe hai kwenye hadubini, chumba kinageuzwa stoo ya viti. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka kama mwehu.

"Umemwaga wapi?"

"Kwenye chungu cha maua, barazani."

Nikatoka mbio na kandambili mguu mmoja. Chini ya chungu kulikuwa na sahani, na ndani ya sahani, maji ya rangi ya chai! Nilimkumbatia mama mkwe mpaka kilemba kikamwendea upande.

"Wako hai, Mama! Huenda wako hai!"

"Kina nani tena?"

Hakungoja jibu. Alibeba sahani mwenyewe hadi shuleni, akiwafokea wapita njia: "Pisheni! Nina wageni humu!"

Mwalimu mkuu alikuwa ameshafika, mikono nyuma. Nikadondosha tone kwenye kioo, nikachungulia. Wapo! Nusura nirukeruke. Tatizo, walikuwa wanakimbia balaa, vinyweleo mwili mzima vikiwasukuma.

"Sioni kitu," mwalimu mkuu akasema alipochungulia. "Kivuli kimepita, basi. Nitaleta viti kesho."

"Subiri! Wanataka kuzuiwa! Nyuzi za pamba, nani ana nyuzi?"

Mama mkwe akachomoa nyuzi kwenye pindo la kilemba chake, fyuu, akanipa. Nikazitandaza nyuzi kwenye tone, zikawa boma. Kwa kuwa kilemba ni chake, akajipenyeza mbele ya mwalimu mkuu.

"Ehee! Mmoja kabanwa! Mbona ana kitu kinafumba na kufumbua?"

"Kifuko hicho, kinasukuma maji nje. Bila hicho angepasuka."

"Na huyu mwingine kiuno kinazidi kuwa chembamba... We! We! Kakatika! Wawili!"

Mwalimu mkuu akamsogeza kwa heshima, akainama. Halafu akapaza sauti ile ya mstarini: "Wawili kweli!" Bila kuinua jicho akaongeza, "Viti nitavitafutia kwingine."

Nilipiga vigelegele peke yangu, sikuona haya hata kidogo.

Mama mkwe akanivuta kando. "Sasa mama ni yupi, mtoto yupi?"

"Hakuna, Mama. Mmoja kajigawa, basi."

"Bila mume?"

"Bila mume."

"Kwa hiyo hawana wakwe?"

"Hawana."

Macho yalimlegea.

"Basi hawajui raha," akasema, akanishika mkono, na kwa mkono wa pili akamgonga mwalimu mkuu begani. "Baba, inuka, zamu yangu. Mwalimu mwenyewe ni wa kwangu."