Meno ya Bi Mwanakheir na Mchanga wa Nungwi

Hutaamini, lakini wallahi lilitokea, hapa hapa Malindi, mwaka elfu mbili na nne: mwari nusura avunjiwe harusi kwa ajili ya mchanga!

Bi Mwanakheir alikuwa somo, yaani kungwi. Tena si somo wa kubahatisha, mabibi harusi wa mtaa mzima wamepita mikononi mwake, kawasinga, kawafunda. Kazaliwa Nungwi, na usafi wake wa huko huko: sufuria anaisugua kwa mchanga na kumbi la nazi mpaka unaweza kujitilia wanja ndani yake. Siri yake moja tu. Meno yake yote ya juu ni ya bandia. Hata mashoga zake hawajui. Akitaka kuyavua, kwanza anatia komeo mlangoni.

Basi meno yakaanza kushika rangi ya chai. Msafi yule atavumilia? Akachekecha mchanga wake, akatwaa kumbi, akayasugua kama sufuria. Yakatakata! Baada ya siku chache, mdomo ukaanza harufu. Akaongeza mchanga. Harufu ikazidi. Pua yake yeye ishazoea, akatafuna karafuu, akaona yamekwisha.

Ikaja kazi ya kumfunda Rasha, binti wa Bi Tamima. Kufundwa kwenyewe ni kwa kunong'ona: somo na mwari wamejifunika kanga moja, mdomo sikioni. Bi Mwanakheir akisema, Rasha anageuza uso. Akisogea, Rasha anakimbilia chooni kutapika. Leo hivyo, kesho hivyo.

Bi Mwanakheir akaona keshajua mwari ana nini. Akamvuta Bi Tamima ukumbini.

"Shoga, mie sisemi kitu. Lakini mwanao hayuko peke yake."

"Yuko na nani?"

"Aliyemo tumboni."

Weee! Bi Tamima akamvaa Rasha, kofi likalia mpaka jirani kasikia. "Mama, wallahi sina kitu!" Rasha analia.

"Sasa unatapikia nini?"

Rasha akauma upindo wa kanga.

Bi Tamima akaapa: kesho anatuma mtu kwa kina bwana harusi, harusi hakuna.

Alasiri ile ile Bi Mwanakheir ufizi ukamvimba, akenda kwa Machano, fundi aliyemtengenezea meno.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Yananiuma haya."

Machano akayashika, kichwa akakirudisha nyuma. Akaleta lenzi. "Bibi, umeyasugua kwa kitu gani?"

"Mchanga na kumbi. Mie si mchafu."

"Lo! Hebu tazama." Bi Mwanakheir akachungulia. Mikwaruzo tele, na kila mkwaruzo umejaa uchafu. "Yalitoka kwangu laini kama kauri. Vidudu vya mdomoni kwenye laini havipati pa kushika, ukisukutua vingi vinakwenda. Wewe umevichimbia mashimo. Vimejibanza humo, vinazaana, na ndivyo vinavyonuka. Kila ukisugua, unavijengea nyumba."

"Vinanuka?"

Machano akatazama chini. "Bibi, tokea ulipoingia mlangoni."

Bi Mwanakheir akamkumbuka Rasha. Kanga moja. Mdomo sikioni. Yarabi, mtoto wa watu!

Ametoka mbio, meno kayafunga kwenye kitambaa. Akamkuta Rasha kajikunja kitandani, shavu limevimba, mama yake kamsimamia. Bi Mwanakheir akafungua kitambaa mbele yao, na maneno yakamtoka na upepo.

"Tamima, mwanao hana kitu. Ninayenuka mimi. Harufu yangu ndiyo ikimtapisha."

Bi Tamima akakaa chini, pwa!

Bi Mwanakheir akamgeukia mwari. "Na wewe ulijua?"

"Nlijua, somo. Siku ya kwanza."

"Umepigwa, umetukanwa, harusi inavunjwa. Kwa nini hukusema?"

Rasha akavuta kanga usoni. "Si wewe ulonifunda? Chini ya kanga hii hii. Ulisema mwanamke hufunika aibu ya mwenziwe."

Afadhali angemtukana! Bi Mwanakheir akatamani sakafu ipasuke immeze.

Harusi ikarudi, alhamdulillah. Machano akayang'arisha meno kwa mashine yake mpaka yakawa laini tena, harufu ikaondoka. Lakini siku ya kumtoa mwari mbele ya wageni, Rasha kakataa kushikwa mkono na mtu mwengine yeyote: anamtaka somo wake. Wanawake wote wamejaa ghorofani, na wote washasikia habari ya meno. Bi Mwanakheir kasimama chini ya ngazi, mtandio kauvuta mpaka puani, juu wanamwita, mguu haunyanyuki.

Haya niambie, ungekuwa wewe ungepanda?