Kikohozi cha Prodyuza

Mimi ni Leonia, Mama Ida, mwimbaji wa harusi na sherehe za Newala, na nasema bila kumung'unya maneno: wanamuziki ni watu wa ajabu. Waliokuwa wakipanga foleni Masasi, nyumbani kwa Ambakisye, ndio waliozidi.

Ambakisye alitoka Mbeya miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kununua korosho. Alikuja kama karani wa mizani, kinanda chake kikiwa kwenye sanduku la nguo. Redio za watu binafsi zilipoanza kupiga nyimbo za vijana, akaacha mizani, akanunua kompyuta, akabandika trei za mayai kwenye kuta za chumba kimoja kuzuia mwangwi, akawa prodyuza. Tena si wa kubahatisha. Alikuwa anakutungia maneno, anakupangia sauti, ukitoka pale hata mama yako haamini kuwa ni wewe. Nilimheshimu, na bado namheshimu.

Kisha ukaja wimbo wake wa "Nisubiri Lisekese". Aliurekodi mwezi wa saba, wakulima wakipuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi la njano limetanda kila mahali. Kabla ya mstari wa kwanza alikohoa mara tatu, akasahau kufuta. Wimbo ukapendwa kuanzia Masasi hadi Tandahimba. Pale Newala nilishuhudia ukumbi mzima ukikohoa kwa pamoja, mara tatu, halafu ndipo ngoma iingie.

Hapo wanamuziki wakapata wazimu. Petro, mwimbaji mwenzangu wa Newala, alinieleza kwamba kile kikohozi kiko kwenye ufunguo mmoja na gitaa.

"Wewe unadhani amekohoa, Mama Ida," akasema. "Yule hakukohoa. Ametunga."

Mzee Alfredi, mpiga gitaa ambaye angeweza kabisa kumzaa Ambakisye, akaanza kumwamkia shikamoo. Siku ya kwanza Ambakisye aliona haya. Siku ya tatu akaitikia marahaba. Kwaya moja ikaleta barua yenye muhuri, ikiomba kikohozi kabla ya wimbo wa Pasaka, ila kisiwe cha kidunia sana. Petro naye alikwenda kusimama chini ya mikorosho saa ya kupuliza, akavuta vumbi kifua kizima, akapoteza sauti wiki mbili. Alipopona akasema bado hajafikia kiwango.

Huku kwetu kikohozi cha wakati wa salfa hakiulizwi. Kila mtu anakohoa, mkulima na mwalimu, shehe na padri, na vumbi likiisha kinaisha. Mwezi wa tisa mashine za kupulizia zikanyamaza na watu wakaacha kukohoa. Ambakisye hakuacha, na hakuna aliyejiuliza, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na kila mmoja alikuwa anataka chake.

Zamu yangu ilifika mwezi wa kumi. Nilikuwa nimeisubiri tangu mwezi wa saba, na wimbo wangu ulitakiwa kutoka kabla korosho hazijauzwa, maana huku kanda za nyimbo zinanunuliwa wakati wa msimu, watu wakiwa na pesa. Msimu ukikupita, umewaimbia kuku.

Nilikuwa nimemaliza ubeti wa kwanza Ambakisye alipoinama akakohoa, safari hii kwa muda mrefu. Petro na Mzee Alfredi walikuwa kwenye benchi. Petro aliwasha haraka redio kaseti yake aliyokuja nayo kwa kazi ya kunasa vikohozi.

"Umekisikia hicho?" akamnong'oneza mzee. "Hicho ni kipya kabisa!"

Mimi nilikuwa natazama leso aliyojifutia mdomo. Ilikuwa na damu.

"Prodyuza, hiyo ni damu."

"Ni salfa tu, Mama Ida."

"Salfa ya mwezi wa kumi?"

Akageuka kuitazama kalenda ukutani, na nikaona woga ukimwingia. Nitasema kweli yangu: nilitamani tumalize kwanza. Ulibaki ubeti mmoja na kiitikio, nusu saa tu. Kisha nikajichukia, nikamshika mkono nikamwinua. Petro akasimama mlangoni, eti walau prodyuza amalizie kwanza kikohozi cha wimbo wake. Nilimsukuma na bega.

Hospitalini wakakuta ni kifua kikuu. Mganga alisema tungechelewa kidogo tungekuwa tunazungumza mambo mengine. Akapewa dozi ya miezi minane, na sote tuliokuwa tukikaa katika chumba kile tukaitwa kupimwa makohozi. Petro alipoambiwa hana kitu, uso ulimshuka.

Msimu wangu ukapita.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, Ambakisye alirudi kazini amenenepa, kifua kimetulia. Wanamuziki walikuja kumpokea kwa shangwe, wakakaa, wakasubiri. Aliongea saa nzima, akacheka, akanywa chai, hakukohoa hata mara moja. Niliona macho yao yakipoa. Walipoaga, Mzee Alfredi akamwambia, "Haya, kijana, ubaki salama."

Nje, Petro akanivuta pembeni.

"Umetuharibia mtu, Mama Ida. Lakini si kitu. Nasikia Tandahimba kuna mwingine ana kinanda, tena ana pumu."

Foleni ikahamia huko. Nikabaki mimi peke yangu, na nilifurahi, sitaki kudanganya. Tuliurekodi wimbo wangu asubuhi moja, mwanzo hadi mwisho, hakuna wa kutuharakisha. Ulitoka safi hata nikalia.

Ambakisye akavua spika za masikioni.

"Mama Ida, kile kikohozi cha wimbo wangu wa mwaka jana bado kimo kwenye kompyuta. Wewe umenitoa kaburini, siwezi kukuwekea bila kukuuliza. Niuache hivi hivi?"

Nilizitazama zile trei za mayai. Niliikumbuka leso. Nikakumbuka pia vibanda vya kanda vya Newala, na ukumbi ule, na msimu unaokuja.

"Weka," nikasema. "Lakini kimoja tu."

Akaweka vitatu. Sikumkataza.