Uzao wa Sikio

Josho la serikali nje ya Laela lilikauka mwaka ranchi ya jirani ilipouzwa kwa mwekezaji, kwa hiyo Bundala, mfugaji aliyehamia kutoka Usukumani, aliswaga ng'ombe wake hadi kwenye josho la mwekezaji huyo. Alipokelewa na Flavian, mtaalamu wa mifugo wa ranchi.

"Shikamoo mzee. Huyu Madoa ana maziwa kwelikweli. Nipe kipande kidogo cha sikio lake, wote waoge bure."

Bundala akaona ameangukiwa na ngekewa. Madoa alikuwa ng'ombe wa mahari ya binti yake Kija, na ng'ombe wa mahari haguswi bila wakwe kuarifiwa. Lakini nani atatuma ujumbe kwa wakwe kwa ajili ya kipande cha sikio?

Kwa vifaa vilivyoletwa kutoka ng'ambo, Flavian alipandikiza kipande kile kwenye matumbo ya majike wa ranchi, na wote wakazaa Madoa. Kila ndama alitoka na pengo sikioni, kidonda kimeshapona. Walipokua, kila jioni walipita kwenye seng'enge bila kuikata, wakaja kusimama mbele ya zizi la Bundala wakisubiri kukamuliwa. Asubuhi walinzi waliwarudisha. Waliokwenda kunywa pombe ya ulezi walipita katikati yao wakiendelea na mazungumzo.

Kisha Kija akarudi kwa baba yake kutoka kwa mumewe, taya limevimba, meno ya mbele hayapo.

"Baba, safari hii ataniua."

Bundala alimwamini. Alikusanya mahari yote, na Madoa mwenyewe akiwemo, ili ndoa ivunjwe. Wazee wakaitwa. Mume, Maduhu, hakupandisha hata sauti.

"Sawa. Ila desturi mnaijua, ng'ombe anarudi na uzao wake. Na wale wa ranchi je?"

Wazee wakawatazama ng'ombe waliokuwa wamesimama pale nje wakicheua. Kilichotoka mwilini mwa Madoa ni uzao wa Madoa, wakaamua, na bila uzao huo ndoa haivunjwi. Habari za taya hakuna aliyeuliza.

Bundala akaenda ranchi. Flavian alimpa kiti.

"Mzee wangu, hao ni mali ya mwekezaji. Wewe ulitoa sikio tu."

"Basi nirudishie sikio."

"Halipo, mzee. Limeshakuwa ng'ombe."

Bundala alirudi nyumbani akalia mbele ya mwanawe, na anayetaka kumcheka amcheke. Jioni ile Kija alijifunga khanga, akashika njia ya kwa mumewe. Madoa wote wakageuka wakamfuata, maana njia waliijua. Ndiko Madoa wa kwanza alikotoka. Watu walisimama kando kuwapisha, wakausifia msafara. Maduhu alifungua zizi kwanza, mlango wa nyumba baadaye.

Asubuhi walinzi wa ranchi walifika, wakakagua masikio, wakawatoa ng'ombe wao hadi wa mwisho. Kija alikuwa amesimama uani, jicho moja halifunguki. Walimsalimia vizuri, wakaondoka na mali yao.