Shule ya Bwana Stidham

Maybeth alikuwa akikusanya mizoga ya batamzinga bandani gari la ofisi ya elimu lilipoingia uani. Macho yalimwasha kwa harufu ya vinyesi. Alikuwa na miaka kumi na minne. Shule aliachishwa akiwa darasa la kwanza, mama yake alipofariki, na tangu hapo baba yake, Verlin Stidham, aliiandikia kaunti kila mwaka kwamba anamfundisha nyumbani.

"Shangazi yake ametuletea malalamiko," alisema Bi. Kessler, afisa wa elimu. "Anasema mtoto hasomi, kazi tu."

"Dada yangu ana kidomodomo." Verlin alimnyooshea karatasi moja. "Barua ya mwaka huu hiyo. Sheria ya jimbo inadai kingine?"

"Hapana."

"Mtihani?"

"Hapana, Bwana Stidham."

"Sasa umefuata nini huku, mama?"

Bi. Kessler aliziangalia glavu za Maybeth zilizochanika, na viatu vya mpira vya mtu mzima. "Naomba nizungumze naye kidogo. Peke yake."

"Amri ya hakimu unayo?"

Hakuwa nayo.

"Basi mwulize hapahapa. Maybeth, unasoma, husomi?"

Maybeth alitaka kusema kwamba amesahau hata kuandika jina lake. Lakini mama huyu angepanda gari lake aende zake, na yeye angebaki.

"Nasoma."

"Umemsikia," alisema Verlin.

"Nitaandika hivyo," alisema Bi. Kessler, kisha akamtia Maybeth kijitabu mkononi. "Ukipata shida, mwanangu, kila kitu kimeelezwa humu."

Gari lilipopotea barabarani, Verlin aliwasha sigara, akaegemea mlango wa banda.

"Haya, mwanafunzi. Nisomee."

Juu ya jalada palikuwa na picha ya msichana mwenye mkoba mgongoni, anacheka. Chini yake herufi zilijipanga, nyeusi, nyingi. Maybeth aliitambua M. Zilizobaki hazikumwambia kitu.

"Nakungoja."

"Imeandikwa..." Alipitisha kidole kwenye mstari, polepole, kama alivyokumbuka mama yake akifanya. "Imeandikwa kwamba nasoma."

Verlin alicheka mpaka akapaliwa na moshi.

"Hujakosea hata neno," alisema, akamsukumia toroli la mizoga.