Sufuria Iliyompinga Mwenyekiti

Uvumi huo Mama aliupata kwa msusi, ukamganda kama kupe: mjumbe wa nchi ndogo akifungua kinywa kwenye baraza la Shirikisho, sauti yake haisikiki ukumbini. Huenda hilo likaikuta na nchi yao, iliyo ndogo. Yeye, fundi cherehani, alimwambia hivyo mwanawe wa mwisho, Kitinda, siku aliyoteuliwa kuwa mjumbe.

"Mama, hayo ni ya saluni," alisema Kitinda akikunja sketi. "Nchi tisa, viti tisa. Wote sawa."

"Haya, mwanangu. Hata kuku na mwewe wote wana mabawa."

Jumanne saa nne asubuhi Mama alikuwa anachambua maharage, roho juu. Sufuria tupu iliyokuwa jikoni ikakohoa, ikasema kwa sauti ya Kitinda: "Mheshimiwa Mwenyekiti, napinga. Mto huu ndio pekee tulio nao." Mama akafunua kifuniko asikie vizuri.

"Huyo si Kitinda?" aliuliza jirani, aliyekuja kuazima pasi.

"Ndiye. Yuko kazini."

"Anasikika vizuri. Shemeji yangu, aliyekuwa mjumbe kabla yake, alikuwa anatokea kwenye birika. Tuliambulia nusunusu."

Huko ukumbini Kitinda alisimama dakika sita akichezesha midomo. Karani akaandika kama kawaida: nchi ndogo imenyamaza, na aliyenyamaza amekubali. Kura ya kuupinda mto uelekee nchi kubwa ikapangwa Ijumaa.

Ijumaa Mama aliifunga sufuria kwenye shuka, akapanda basi mpaka makao makuu. Mlinzi alimpa kitambulisho cha mgeni, na sufuria akaipa cha kwake. Kitinda aliposimama, sufuria ikanguruma mapajani mwa Mama: "Napinga." Vioo vya madirisha vilitikisika. Wajumbe waligeuka wakatazama, kisha wakarudi kwenye karatasi zao.

Mwenyekiti, mtu wa adabu zake, alivua miwani.

"Tunaishukuru sufuria kwa mchango wake mzito. Shirikisho hili linasikiliza kila mtu na kila chombo. Ila kwa kanuni zetu anayepinga ni mjumbe, na mjumbe amenyamaza. Tuendelee."

Wakaendelea. Nchi nane zilinyoosha mikono, ya tisa ikahesabiwa humohumo. Mto ulipindwa kabla ya chakula cha mchana. Sufuria ilipewa cheti.

Kitinda bado ni mjumbe. Kila Jumanne Mama hufunua kifuniko, huitikia, "Nakusikia, mwanangu," kisha hubeba ndoo kwenda kwenye foleni. Maji siku hizi huja kwa lori kutoka nchi kubwa. Huitwa msaada, na lazima mtu aseme asante ndipo ajaziwe.

Mwenye mwana aliyeitwa barazani, amwonye ayaepuke haya:

Kusaini mahudhurio kabla ya kusema.

Karani anayeandika wakati wewe hujafungua kinywa.

Mwenyekiti anayeshukuru sana.

Picha ya pamoja, hasa ukiwekwa mbele.

Kunywa maji ya lori bila kuyachemsha.