Bamba la Shaba la Stanislas

Mama Angèle alitaka kuuza picha ya maporomoko ya maji ya Mwadingusha, ili amnunulie mjukuu wake Bénie cherehani. Jirani yake, marehemu Stanislas, ndiye aliyeichonga kwenye bamba la shaba, akaichapa kwenye karatasi. Mnunuzi alikuwa tayari kulipa, ndipo Dan, mwana wa Stanislas, akaingia na picha ileile.

“Mama, bamba ya papa yangu iko na miye. Nitachapa zingine mingi!”

Mnunuzi akakunja uso, akarudisha pesa mfukoni.

Mama Angèle hakubabaika. Alizilaza picha zote mbili penye mwanga wa dirisha. Katika yake kila uzi wa maji ulionekana, hata povu juu ya mawe. Katika ya Dan, maji yalikuwa ukungu tu.

“Dan, bamba uliifanya nini?”

“Niliisugua na ndimu na muchanga, kama sufuria ya shaba. Ilikuwa chafu!”

“Ee, weye! Umesugua mistari yote ya papa yako ikafutika; bamba haitachapa tena maji haya.”

Mnunuzi alicheka, akatoa pesa. “Bei ni ileile, Mama?”

“Ile ilikuwa kabla Dan aingie, papa. Sasa imepanda.”