Matanga ya Jean de Dieu

Bendera za kwanza za Urusi zilizopandishwa pale Walikale, mashariki mwa Kongo, zilishonwa na Emérita. Trésor, aliyekuwa akiongoza vijana wa mtaa, alimletea vitambaa vyeupe, vya bluu na vyekundu, akamwonyesha picha kwenye simu, naye akashona kama alivyoonyeshwa. Alikuwa fundi wa nguo, mkimbizi kutoka Muheto, upande wa Masisi. Mtu akileta kitambaa hakumuuliza atakwenda nacho wapi.

"Hii ni bendera ya inchi gani?" aliuliza alipomaliza ya kwanza.

"Ya Urusi, Mama. Kule mutoto yako iko."

Emérita alikata uzi kwa meno. Aliikunja bendera ile polepole, akaiweka juu ya vitambaa vilivyobaki.

Jean de Dieu alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki. Kule Muheto, watu wenye silaha walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta vijana wa kubeba bunduki, alijificha ndani ya mahindi hadi miguu ikavimba. Hakuitaka bunduki ya upande wowote. Usiku mmoja kilima kilipowaka moto walitoka mama na mwana, wakavuka msitu kwa miguu, mama amebeba kichwa cha mashini ya kushonea begani. Walikale wakapata chumba katika kiwanja cha Papa Symphorien, mtu wa pale pale, mkulima na mwindaji. Symphorien na mkewe Valérie walikuwa na kijana wa umri uleule, Patient. Vijana hao wawili wakawa wanatengeneza pikipiki pamoja kando ya barabara, wakila sahani moja, hata watu wakawaita mapacha.

Patient ndiye aliyeliona lile tangazo kwenye simu: kazi ya kiwandani, Urusi, safari imelipwa. Wakaenda wote wawili. Baada ya miezi kadhaa ikaja picha. Walikuwa wamesimama kwenye theluji, wamevaa nguo za kijeshi, na Jean de Dieu hakuwa akiangalia kamera.

Symphorien alizunguka soko zima na ile picha.

"Mutoto yangu anapigana na bazungu!"

"Lakini Papa, hata hao Warusi ni bazungu," alisema muuza chumvi mmoja, na kidogo apigwe.

Maana mji ulikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa imetafuta mahali pa kutua kwa muda mrefu. Masisi ilikuwa inaungua. Kila juma walifika watu wapya na magodoro kichwani, na helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa zilipita juu yao bila kushuka. Vijana wakasema: hao wakubwa wa dunia wanatuangalia tukifa, basi anayewapiga kule Ukraine ni ndugu yetu. Wengine wakasema vita vile haviwahusu. Hao wengi wao walikuwa madereva na wapakuaji wa malori ya misaada, pamoja na wakimbizi waliokula unga wa malori hayo. Ndugu waliacha kusalimiana. Kanisani watu walikaa pande mbili, na siku padre wao, Abbé Raphaël, alipoombea amani Ukraine, nusu ya kwaya ilitoka nje.

Emérita hakuwa upande wowote. Alikuwa na swali moja tu, na alilirudia kwa Valérie walipokuwa wakichambua sombe, majani ya mihogo, uani: "Alikimbia bunduki hapa kwetu. Ataifuata namna gani kule?"

Jibu lilikuja asubuhi moja ya mvua. Valérie aliingia chumbani kwa Emérita bila kubisha, akafunga mlango, akaweka simu sikioni mwa mwenzake. Ilikuwa sauti ya Patient iliyorekodiwa, akiongea chini kama mtu aliyejificha.

"Mama, Jean de Dieu haiko tena. Walitutuma kubeba masanduku ya risasi mbele, drone ikamupata. Ile kiwanda ilikuwa bongo, uongo mutupu, Mama. Tangu tushuke ndege tulipewa bunduki. Papa atafute namna nirudi. Lakini musiambie muntu. Hapa wakijua nilisema, wataniweka mbele ya wote."

Emérita aliomba kusikia tena. Valérie alikuwa tayari ameificha simu kifuani.

"Dada, ukisema, utaniulia wangu."

"Wangu amekufa, Valérie."

"Najua. Nakuomba. Wangu angali anapumua."

Emérita aliketi kitandani. "Sitasema ni Patient," alisema. "Lakini nitamulilia mutoto yangu. Hiyo hutanikataza."

Symphorien alikataza. Aliporudi kutoka shambani na kuambiwa, alisimama mlangoni mwa mpangaji wake, panga bado mkononi.

"Kilio ya nini? Batu watauliza alikufa namna gani, nani alileta habari. Ungoje."

"Ningoje nini, Papa Symphorien? Afufuke?"

Emérita akaenda kwa Abbé Raphaël kuomba misa. Akasema tu kwamba mwanawe amefariki vitani, ng'ambo, na hakutaja zaidi. Jioni mji wote ulikuwa unajua.

Ndipo Emérita alipogundua kwamba maiti ambayo haikuwepo ilikuwa na wenyewe wengi. Trésor na vijana wake walikuja kumwambia Jean de Dieu ni shujaa, watamfanyia maandamano. Juma hilohilo walifunga daraja kwa matairi ya moto, wakazuia malori ya misaada wakiimba jina lake. Wapakuaji wakatoka na vyuma. Watu walipasuliwa vichwa, magunia ya unga yakamwagika kwenye tope, na lori moja likageuza na kurudi na mzigo wake. Wakimbizi wakakosa chakula.

Hao nao walikuja. Aliyetangulia alikuwa Athanasie, jirani yake tangu Muheto, mwanamke aliyempokea Jean de Dieu siku alipozaliwa. Alisimama uani na wenzake nyuma yake.

"Mutoto yako alienda kuua batu ya inchi ingine kwa ajili ya makuta, pesa tu," alisema. "Sasa wenzake wanatuua na njaa kwa jina lake. Na weye ndiye uliwashonea bendera."

"Niliwashonea kama ninavyoshona nguo."

"Basi utalilia mwenyewe. Sisi hatumulilii mamluki."

Akatema mate karibu na kizingiti, akaondoka. Emérita alibaki ameshika ufagio. Maneno ya Trésor asingeyajali; ya Athanasie hakuyasahau hadi siku ya matanga.

Symphorien aliruhusu matanga yafanyike uani kwake kwa sababu Trésor alitaka, na siku zile hakuna aliyemkatalia Trésor. Wakafunga shitingi, turubai la plastiki, juu ya miti. Emérita aliweka mezani picha ya Jean de Dieu ya siku ya kipaimara, shati limemzidi. Watu walijaa: vijana, wauza soko, Abbé Raphaël, akina mama waliokuja kuona tu. Wakimbizi wa Muheto hawakuja.

Trésor alifika na ngoma. Vijana wake walibeba ile picha ya theluji, wameikuza kuwa kubwa kama mlango. Bila kuuliza aliiondoa ya kipaimara, akaiegemeza chini kwenye mguu wa meza, akatandika bendera.

"Jean de Dieu hakufa," alisema kwa sauti ya uwanjani. "Amekufia Afrika! Na damu yake haitapotea. Iko batoto hapa kwetu wanataka kufuata njia yake. Musimame!"

Vijana kadhaa wakasimama. Emérita aliwajua wote. Mmoja alikuwa Benoît, aliyekuwa akimchotea maji. Watu wakapiga makofi. Mama yake Benoît, Myriam, alipiga makofi pia, lakini uso wake ulikuwa umekauka.

Emérita alitoa makasi mfukoni mwa kitenge chake. Alivuta bendera kutoka mezani, akaikata katikati, kufuata mshono wake mwenyewe, na sauti ya kitambaa ikasikika hadi nyuma.

"Mutoto yangu hakufia Afrika," alisema. "Alienda kutafuta kazi ya kiwanda. Walimudanganya. Aliposhuka ndege walimupa bunduki, wakamutuma kubeba risasi kama punda, akafa. Ndiyo kufa kwake. Na weye, Trésor, unataka kuwapeleka hawa pale pale. Benoît, kaa chini!"

Benoît hakukaa, ila aliangalia miguu yake.

"Nani alikuambia hayo?" Trésor aliuliza.

Emérita alirudisha makasi mfukoni.

"Nakuuliza, Mama. Weye ulifika Urusi? Nani alikuambia?"

"Najua."

"Unajua! Bazungu walikulipa useme hivyo? Nani alikuambia?"

Symphorien akainuka kitini. "Hakuna muntu alimwambia kitu! Iko na mabongo huyu mama. Patient wetu iko muzima, iko anatuandikia, iko na furaha. Uchungu umemuharibu kichwa."

Trésor aligeuka. "Mama Patient, ni kweli? Kijana yako alisema maneno kama haya?"

Valérie alikuwa kando ya sufuria, mwiko mkononi. Simu yake ilikuwa kifuani palepale, Emérita aliona umbo lake chini ya nguo. Ingetosha kunyoosha kidole. Sauti ya Patient ingesikilizwa na uwanja mzima, na Benoît angekaa chini, na wote wangekaa chini.

"Sijui," Valérie alisema. "Mimi sikusikia kitu."

Emérita alifungua kinywa. Halafu akakifunga.

"Munaona?" Trésor alisema.

Jiwe la kwanza lilitoka nyuma. Lilimpata Emérita begani, la pili likampasua paji la uso. Abbé Raphaël alimkumbatia ili amkinge, akasukumwa pamoja naye hadi matopeni. Watu waliingia chumbani kwake, wakatoa mashini, wakaipiga kwa nyundo barabarani huku wengine wakishangilia. Myriam alimshika Benoît mkono, akamburuta kutoka pale bila kugeuka nyuma. Symphorien alisimama juu ya Emérita aliyekuwa amelala chini, akamwambia kesho asimkute kwenye kiwanja chake.

Usiku huo Emérita alilala parokiani. Asubuhi Abbé alimtafutia pikipiki ya kumpeleka Kashebere, ambako kulikuwa na wakimbizi wengine wa Muheto. Alikuwa amekaa kando ya barabara akimngoja dereva, kichwa kimefungwa kitambaa, Valérie alipokuja na mfuko wa mihogo.

"Dada," Valérie alisema. "Asante. Hukusema."

"Usiniite dada."

"Ningefanya nini? Symphorien angeniua. Na Patient..."

"Sikunyamaza kwa ajili yako. Nilinyamaza kwa ajili ya ile mutoto, alikula kwangu. Weye sikujui."

Valérie aliweka mfuko chini. Emérita aliusukuma kwa mguu.

"Niambie kitu moja tu. Patient alimuzika wapi?"

Valérie alianza kulia. "Hakumuzika. Alituma sauti ingine, alisema walikatazwa kurudi kumuchukua."

"Ulijua hiyo tangu siku ile?"

"Ndiyo."

Emérita aliinuka, akaenda kungoja upande wa pili wa barabara. Valérie alibaki pale na mihogo yake hadi pikipiki ikaondoka.

Kule Kashebere Emérita alijengewa kibanda cha majani ya migomba. Habari za Walikale zilimfikia kupitia wapita njia. Vijana kadhaa walikwenda Urusi, Trésor hakwenda. Benoît hakuwa miongoni mwa walioenda, kwa kuwa mama yake alikuwa amemtorosha kwa mjomba wake msituni, na kwa hilo madirisha ya nyumba yake yalivunjwa. Malori yalirudi kupita, sasa na askari juu. Kuhusu Patient, hakuna aliyejua kitu. Symphorien hakuwa akizunguka tena na picha.

Emérita alipopata nguvu aliwaita watu wa Muheto waliokuwa Kashebere, akawaambia anafanya matanga. Alipika maharage aliyopewa. Walikuja wachache, wakaketi kwenye mikeka, na mwanamke mmoja mzee akamuuliza kama ilivyo desturi: "Mama, mutoto alikufa namna gani?"

Akawasimulia yote, tangu mahindi ya Muheto hadi theluji, isipokuwa jina moja. Walipouliza nani alimwambia, alisema hawezi kujibu.

Waliomsadiki walilia naye hadi jua likazama. Wengine walisimama kabla ya chakula, wakakung'uta nguo zao na kwenda.